Serikali ipewe ufunguo wa meseji zetu za WhatsApp?

Mzee wa Uyole: Vijana, mjukuu wangu kapigwa hela ya mbolea huko WhatsApp. Naambiwa meseji zimefungwa, hata wenye kampuni hawazisomi. Kwa nini serikali isipewe ufunguo? Asiye na hatia anaficha nini?

Fundi Mwanjelwa: Shikamoo mzee. Huo ufunguo wa kumpa mtu haupo. Tangu 2016 simu mbili zikianza kuchati zinapeana funguo za wazi, zile ambazo hata mwingine akiziona si neno, kila moja inachanganya na wake wa siri usiotoka kwenye simu, zote mbili zinaangukia siri ileile. Kuanzia hapo kila meseji ina ufunguo wake. Kampuni ni konda tu, kabeba gunia la viazi lililoshonwa, hajui ndani kuna nini.

Mama Parachichi: Gunia la viazi likishonwa ujue umeshaibiwa. Juu vikubwa, chini vitoto.

Mtani wa Ipogolo: 😂 Hayo ya Mbeya. Iringa tunapima kwa mizani.

Kijana wa Soweto: Hamieni Telegram, huko haonekani mtu.

Fundi Mwanjelwa: Nani kakudanganya? Chati za kawaida za Telegram zinakaa kwenye seva zao na funguo wanazo wao, mpaka ufungue ile chati ya siri. Hata WhatsApp, ukihifadhi nakala Google Drive bila kuwasha ulinzi wake, kufuli la kwenye chati halikusaidii.

Dada wa Tunduma: Mzee, ufunguo wa nini? Meseji za tapeli si ziko kwenye simu ya mjukuu, zimeshafunguka? Apeleke simu pamoja na meseji ya muamala. Laini iliyopokea hela imesajiliwa kwa alama za vidole.

Mzee wa Uyole: Huyo wa Ipogolo anasema sisi wezi? Nimelima viazi tangu hajazaliwa. Lumbesa ni ya dalali! Anakuja na gunia lake, anajaza, anavika kilemba cha wavu, bei ileile. Mkulima afanyeje?

Mama Parachichi: Na marufuku ipo miaka yote.

Fundi Mwanjelwa: Ndiyo hapo sasa. Mkipiga marufuku kufuli, tapeli anahamia programu nyingine, serikali inabaki kusoma meseji za kikoba.

Kijana wa Soweto: Kikoba chetu kisomwe tu, mhasibu hajatoa hesabu tangu Pasaka.

Mzee wa Uyole: Sijajibiwa. Hiyo mizani ya Iringa iko wapi?

Mtani wa Ipogolo: Shikamoo mzee. Ipo. Ila mwenyewe ni dalali.