Tovuti ya gesti yangu inafunguliwa, bei haionekani. Nianzie wapi?

Mama Tumaini, Chang'ombe

Wakuu, habari za jioni. Nina gesti ya vyumba 11 hapa Chang'ombe, Dodoma. Oktoba kijana mmoja alinitengenezea tovuti, nikamlipa laki sita. Kwa kuitazama inavutia, mapicha makubwa yanapishana yenyewe. Lakini kila siku napigiwa simu: "Mama, nimeona tovuti yako, chumba shilingi ngapi?" Na bei zipo! Unaingia "Huduma Zetu", unakwenda "Malazi", unabonyeza jina la chumba, unaikuta. Jana mgeni aliyekuwa kwenye SGR akitokea Dar amenipigia kwa hasira, bando limemwishia ukurasa haujafunguka. Aprili Bunge la bajeti linaanza na huo ndio msimu wangu. Nataka kuirekebisha, ila sitaki kulipia kosa lile lile mara mbili.

Mkulima wa Hombolo

Dada, achana na tovuti. Weka picha WhatsApp, wateja watakuja.

Fundi wa Makulu

Shikamoo mama. Hii ndiyo kazi yangu, mwaka wa saba sasa. Mkulima, WhatsApp ni ya watu wenye namba yake tayari. Mgeni anayetafuta malazi Dodoma akiwa Mwanza hana namba hiyo.

Mama, usimlipe mtu kwanza. Tafuta mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti yako, atumie simu yake mwenyewe, umpe kazi moja tu: "Tafuta bei ya chumba cha watu wawili, halafu nipigie." Ukishasema hivyo, nyamaza. Mkono utakuwasha umwonyeshe, jizuie, wewe fuata kidole chake kinakokwenda. Jakob Nielsen, Mdenmark aliyebobea katika mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuibua sehemu kubwa ya matatizo. Mimi mara nyingi hata kwa mtu wa tatu nimeshajua pa kurekebisha.

Somo hili nililipata pale Nyerere Square. Nilikuwa nimemaliza tovuti ya mteja anayeuza miche ya zabibu. Kitufe cha kuagiza nilikipa maandishi ya kijivu hafifu kwenye weupe, na ndani, kwenye kompyuta, kilipendeza sana. Saa saba mchana nikampa dereva boda mmoja ajaribu. Kioo cha simu yake kilikuwa na ufa toka kona hadi kona. Akaikinga simu kwa kiganja, akaigeuzia kivulini, akaisogeza mpaka karibu na pua. Kisha akaniuliza, "Kaka, nabonyeza wapi?" Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe chenyewe.

Tangu siku ile siamini macho yangu kwenye rangi. Kanuni za kimataifa za tovuti, WCAG, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na vikokotoo vya kupimia vipo bure mtandaoni. Kwa jua letu hili mimi napita hapo, naandika nyeusi juu ya nyeupe basi. Vitufe navyo viwe vikubwa. Google wanashauri kama pikseli 48 kwa 48, kidole gumba kiweze kugonga bila kugusa cha jirani.

Mapicha yanayopishana yaondolewe. Picha ikitoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti 3 au 4. Ziwe sita, mgeni ameshakatwa megabaiti kama 20 za bando lake hata bei hajaiona. Mwambie kijana azipunguze upana na kuzibana, kila moja isizidi kilobaiti 150. Macho hayataona tofauti.

Halafu saa. Hili mafundi wengi tunalipita. Niliwahi kutengeneza fomu ya miadi nikaacha muda umeandikwa "08:00". Mzee mmoja akasafiri kutoka Mvumi, akafika saa nane mchana, kofia mkononi, wakati nafasi yake ilikuwa saa mbili asubuhi. Hakukosea yeye, sisi saa yetu tunaihesabu toka jua linapochomoza. Kosa lilikuwa langu na bado linaniuma. Andika "kuingia kuanzia saa 8 mchana, kutoka saa 4 asubuhi", kwa maneno hayo hayo.

Binti Kondoa

Fundi, bei za gesti hupanda Bunge likikaa. Akiandika bei moja si ataonekana mwongo?

Fundi wa Makulu

Aandike mbili, dada yangu. Bei ya kawaida, na chini yake bei ya Aprili hadi Juni. Mtu hachukii bei kubwa kama anavyochukia kufichwa.

Mama Tumaini, Chang'ombe

Marahaba mwanangu. Nimejaribu leo kwa watu watatu: jirani anayeuza vitenge sokoni Majengo, mwanafunzi wa UDOM, na fundi bomba aliyekuja kutengeneza koki. Nilinyamaza kama ulivyosema, na nilipata tabu kweli. Wote watatu walibonyeza picha ya kitanda! Jirani aliibonyeza mara nne, kila mara kwa nguvu zaidi, akaniambia "simu yangu mbovu hii". Simu yake nzima kabisa. Hakuna aliyegusa "Huduma Zetu", na mwanafunzi alidhani hapo ni mambo ya kufua nguo.

Nimeongea na kijana, amekubali bei iandikwe juu ya picha ya kila chumba, ukurasa wa mbele. Limebaki swali moja: namba ya simu aiweke juu au chini?

Fundi wa Makulu

Juu, na isipotee mtu anaposhuka kusoma. Na iwe ya kubonyezeka, ukiigusa simu inapiga. Kwa sasa ameiweka ndani ya picha, kwa hiyo mgeni analazimika kutafuta kalamu.

Mama Tumaini, Chang'ombe

Kumbe! Ndiyo maana fundi bomba aliomba karatasi.