Suruali navaa 34 ila futikamba inasema 96, hivi nipo salama au?

Mpitanjia41
Wakuu habari zenu. Nina swali, naomba msinicheke. Nimeenda kupima afya ya kawaida tu kwa ajili ya kazi, uzito kilo 73, urefu sentimita 172, nesi akapiga hesabu akasema BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 24 na kitu, ipo ndani ya kawaida, nikafurahi zangu. Afu akachukua futikamba akanizungushia tumboni, akaandika 96, akakunja uso, akasema "hapa pana kazi, punguza tumbo" basi, foleni ndefu akaita mwingine. Sasa mimi suruali zangu zote ni 34, na inchi 34 kwa sentimita ni kama 86 hivi, hizo 10 za juu zimetoka wapi? Na kama uzito uko sawa tumbo linakuwaje tatizo tena? Mimi sio mnene jamani, mikono na miguu myembamba kabisa, ni hili tumbo tu limetangulia mbele. Presha walisoma 134 kwa 86, hawakusema kitu. Umri miaka 41. Mwenye uelewa anisaidie.

Kichwa Ngumu
Ndo maana mimi sipendi mambo ya kwenda kupima, unaenda mzima unarudi mgonjwa. Uzito sawa, BMI sawa, unatafuta nini tena? Babu yangu alikuwa na kitambi toka namjua na tumemzika ana miaka 90 na ushee. Kula ulale mkuu.

fundi_suruali
Hilo la suruali niachieni mimi ndo kazi yangu. Namba ya suruali sio kipimo cha tumbo lako. Suruali nyingi za kiume siku hizi hazikai kwenye kitovu, zinakaa chini huku kwenye nyonga, mwenye kitambi anafunga mkanda chini ya tumbo, tumbo lenyewe linabaki nje ya hesabu limelalia mkanda, kwa hiyo anaweza kuvaa namba ileile miaka kumi huku tumbo linazidi kukua na yeye anajiona hajabadilika. Afu kuna la pili, viwanda vinabembeleza wateja, suruali imeandikwa 34 ukiitandaza ukapima unakuta 36 mpaka 37, na kila kampuni ina 34 yake. Mtu akija kwangu akanitajia namba namwitikia vizuri tu afu nampima. Hizo sentimita 10 zilikuwepo siku zote.

Nesi wa Zamu
@Mpitanjia41 kaka, huyo mwenzangu alikuwa sahihi ila alipaswa akae na wewe dakika mbili akueleze. Acha nimsaidie.

Kwanza rudia kupima mwenyewe nyumbani. Vua shati, simama wima, miguu iachane kidogo. Papasa ubavuni utafute mbavu ya mwisho kabisa chini, afu tafuta mfupa wa nyonga unapoanzia kwa juu, katikati ya hivyo viwili ndo futikamba inapita. Hivyo ndivyo WHO (Shirika la Afya Duniani) wanavyoelekeza. Kuna wengine hasa Marekani wanapima juu ya mfupa wa nyonga kabisa, sio kosa, ila chagua njia moja ubaki nayo maana ukichanganya utadhani umepungua kumbe umehamisha futi tu. Toa pumzi kawaida ndo usome. Usivute tumbo ndani (wanaume mnapenda sana hii, mnavuta mpaka mnabadilika rangi, unamdanganya nani?). Futi ilale sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kuibana.

Namba zenyewe: kwa mwanaume kuanzia 94 hatari inaanza kupanda, ikifika 102 imepanda sana. Mwanamke 80 na 88. Kwa watu wa asili ya Asia Kusini na China mstari wa wanaume umeshushwa mpaka 90 maana wao madhara yanaanza mapema zaidi. Sisi tulio na asili ya Afrika kusini ya Sahara, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari mwaka 2006 lilisema tutumie tu za Ulaya mpaka takwimu zetu zitoshe, kwa hiyo hiyo 94 usiichukulie kama ukuta, kwamba 93 uko peponi na 95 umekwisha.

Ila ipo njia nyingine rahisi ambayo mimi naipenda zaidi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Uingereza NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, waliiweka kwenye mwongozo wao 2022. Wewe una 172, nusu ni 86, una 96. Ukigawanya inakuja 0.56. Kati ya 0.5 na 0.59 wanasema hatari imeongezeka, 0.6 kwenda juu ni kubwa. Huna futikamba? Chukua kamba ndefu kama urefu wako, ikunje mara mbili, zungusha tumboni, isipofika umepata jibu.

Mpitanjia41
Asante sana dada. Nimepima hivyo ulivyosema imekuja 95. Sasa mbona BMI inasema niko sawa? Mashine moja inasema hivi nyingine vile, tuamini ipi?

Mchunguzi
Zote zinasema kweli ila zinajibu maswali tofauti. BMI ni uzito gawanya kwa urefu mara urefu, hesabu ya Quetelet wa Ubelgiji karne ya 19, na yeye alikuwa anahangaika na takwimu za watu wengi kwa pamoja wala hakuwa anatibu mtu. Ni kama kupima gunia bila kulifungua, unajua kilo ila hujui ndani kuna nini. Mbeba vyuma mwenye misuli anaweza kuandikiwa mnene, na mtu wa mikono myembamba mwenye tumbo kama wewe anaandikiwa yuko sawa.

Swali kubwa ni mafuta yamekaa wapi. Yapo yale ya chini ya ngozi, unayoweza kuyabana na vidole, hayana fujo sana. Afu yapo ya ndani, yanayozunguka utumbo na ini, hayo huyabani na vidole, ndo yanayosukuma tumbo mbele likawa gumu. Damu inayotoka kwenye eneo hilo nyingi inapita moja kwa moja kwenye ini kabla ya kwenda kwingine, kwa hiyo asidi za mafuta zinazoachiwa pale zinalifikia ini kwanza, ini linajaa mafuta, linaanza kutoisikia insulini (homoni inayoshusha sukari), linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata kama hujala, kongosho nalo linaongeza insulini kulazimisha, na hayo mafuta yenyewe yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe mdogomdogo wa chinichini (sio wa donge) kwenye mishipa. Hapo ndo presha, kisukari na moyo vinapopatia mlango. Daktari mmoja Mfaransa, Jean Vague, aliliona hili tangu 1947, kwamba wanaonenepea juu tumboni wanapata kisukari kuliko wanaonenepea chini kwenye nyonga na mapaja. Na utafiti wa INTERHEART uliotoka 2004, nchi 52, ulikuta uwiano wa kiuno na nyonga unaonyesha hatari ya shambulio la moyo vizuri kuliko BMI.

@Kichwa Ngumu babu yako Mungu amrehemu, ila mtu mmoja kufika 90 hakufuti hesabu. Wapo wavuta sigara waliofika 90 pia.

Kichwa Ngumu
Sawa daktari wa mtandaoni 😂

Mama Wawili
Naomba kudandia hapo hapo. Mimi miaka 49, hedhi imeanza kuyumba toka mwaka jana, uzito wangu haujabadilika hata kilo mbili lakini nguo za kiunoni zote zinagoma. Kiuno 84, nyonga 112, urefu 165. Zamani nilikuwa na kiuno hasa, sasa sielewi limetoka wapi hili.

Nesi wa Zamu
Pole mama, hiyo ni homoni. Estrojeni ikishuka mwili unahamisha ghala, mafuta yaliyokuwa yanapelekwa mapajani na nyonga yanaanza kupelekwa tumboni, na misuli nayo inapungua polepole, ndo maana mzani hausemi kitu lakini gauni linasema. Gawanya 84 kwa 112 unapata 0.75, mstari wa wanawake ni 0.85, hapo uko vizuri na hizo nyonga usizichukie, zinakusaidia. Nusu ya urefu wako ni 82 na nusu, umepita kidogo sana. Mimi ningesema chukua hii kama taarifa ya mapema, anza mazoezi ya kubeba vitu vizito kulinda misuli, na upime presha na sukari mara moja kwa mwaka.

Mpitanjia41
Hapo sawa. Sasa kutoa. Kuna jamaa kaniambia sitapu mia kila asubuhi na mkanda wa kubana tumbo nilale nao. Inafanya kazi?

Mchunguzi
Sitapu zinajenga msuli ulioko chini ya mafuta, mafuta yenyewe hayachomwi kwa kuwa yako jirani. Mkanda unabana tu, ukiuvua kila kitu kinarudi kwake. Hata kisu hakisaidii kivile: kuna utafiti ulitoka 2004, wanawake 15 wanene walinyonywa karibu kilo 10 za mafuta ya tumboni, ya chini ya ngozi, wiki 10 hadi 12 baadaye wakapimwa, insulini, presha, kolesteroli, hakuna kilichokuwa bora. Ya ndani hayakuguswa.

Habari njema ni kwamba ya ndani ndo yanatangulia kuondoka ukianza kujishughulisha. Kutembea haraka mpaka unahema, baiskeli, kuogelea, chochote unachoweza kukirudia kesho. Inawezekana mzani usicheze na kiuno kikapungua, kwa hiyo pima kiuno mara moja kwa mwezi usikate tamaa na kilo. Punguza vinywaji vya sukari na pombe kwanza kabla ya kuhangaika na chakula, hizo mbili kwa wanaume wengi ndo nusu ya safari. Na ulale vya kutosha.

Nesi wa Zamu
Naongeza mambo mawili. La kwanza presha yako kaka, 134 kwa 86. Sio ya kukimbizwa, ila wataalamu wakihesabu lile kundi la hatari za moyo na kisukari, kiuno kikizidi wanaangalia vingine vinne: presha kuanzia 130 kwa 85, sukari ya kufunga kuanzia 5.6, mafuta ya triglisaridi kuanzia 1.7 (zote mbili kwa mmol/L), na kolesteroli nzuri ikiwa chini. Vikipatikana viwili juu ya kiuno umeingia kundini. Wewe kimoja tayari unacho japo presha ya siku moja sio ya kuamini sana, irudie ukiwa umetulia. Nenda kapime hivyo vilivyobaki, ndo utajua hiyo 95 ina maana gani kwako wewe.

La pili ni kwa wote: tumbo likikua haraka ndani ya wiki chache, au limejaa huku mwili unakonda, miguu inavimba, au linauma, hiyo msiiite kitambi. Inaweza kuwa maji tumboni, ini, moyo, uvimbe kwenye kizazi au ovari. Hapo hakuna mazoezi, ni ultrasaundi.

Mpitanjia41
Nimeelewa, Jumatatu naenda. Hiyo sukari ya kufunga, hata maji nisinywe?

Nesi wa Zamu
Maji kunywa tu. Chai, juisi, pipi hapana, angalau masaa 8.

fundi_suruali
Na ukipungua usitupe hizo suruali, zinapunguzwa kiunoni.