Nimeteuliwa kwenye bodi ya chuo cha ufundi, nisaidieni kabla ya kikao cha Alhamisi

FundiGereji:
Habari zenu wadau. Mimi ni fundi wa magari, nina gereji yangu huku Bonde la Ufa, Kenya. Mwaka huu nimeteuliwa kuwa mwanachama wa Bodi ya Magavana ya chuo cha ufundi cha umma kilicho karibu na kwetu. Jina la chuo naliacha. Barua ilipofika mama alichinja kuku.

Kikao cha kwanza kimeninyima usingizi. Makabrasha tulipewa mezani pale pale, kurasa mia na ushei, na kufika saa saba tulikuwa tushapitisha kila kitu tunakula pilau. Nikapita karakana kabla ya kwenda nyumbani. Kuna mashine ya kukereza vyuma, mpya, ingali imefungwa nailoni iliyotoka nayo kiwandani. Nikapitisha kidole, vumbi likatoka, chini yake rangi haina hata mkwaruzo. Mwalimu akaniambia umeme wa fezi tatu haujawahi kufika kwenye jengo hilo, kwa hiyo wanafunzi huchorewa mashine ubaoni. Iko hatua tano kutoka walipokaa!

Kwenye bajeti tuliyopitisha sikuona senti ya umeme. Niliona lango jipya.

Sasa, naweza kuuliza, au nitaambiwa hayo ni ya mkuu wa chuo? Halafu mwenyekiti amenivuta kando akasema ndugu yangu mwenye duka la simiti na vyuma alete bei ya lango, "tusaidiane". Na simu hazilali: huyu anataka kazi ya ulinzi, yule nafasi ya binti yake.

MamaLeja:
Hongera na pole. Mimi ni mhasibu, nimekaa bodi kama hiyo. Tafuta Sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2013, usome majukumu ya bodi. Mafunzo na ubora wake ni yenu, mali ya chuo ni yenu, mpango mkakati ni wenu, makadirio ya mapato na matumizi ni yenu. Hiyo mashine inawahusu mara mbili, ni mali na ni mafunzo. Kwani unadhani waliteua mtu wa gereji aje kula pilau?

Ila usiende karakana kuwaamuru walimu, hapo utakuwa umeingilia kazi ya mkuu wa chuo. Muulize yeye, kikaoni, na usitoke kabla swali halijaingia kwenye kumbukumbu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija hatajua kwamba ulikunja uso. Na makabrasha muombe wiki nzima mapema.

Kamongo77:
Mnamtisha bure. Ndugu akiwa na bei nzuri shida iko wapi? Bodi zote ziko hivyo.

MamaLeja:
@Kamongo77 bei siyo shida. Kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, zabuni ziko mikononi mwa afisa mhasibu, yaani anayewajibika kwa pesa za taasisi, na chuoni huyo ni mkuu wa chuo. Bodi haichagui muuzaji. Mwenyekiti akishaleta muuzaji wake, lango likianguka atamuuliza nani? Sheria hiyo hiyo inazungumzia mgongano wa maslahi, na ndugu wa tumbo moja anahesabiwa. @FundiGereji mwambie ndugu yako akauze simiti kwingine.

Mkufunzi_BOG:
Niseme kuhusu hizo simu. Vyuoni kuna wakufunzi walioajiriwa na PSC, Tume ya Utumishi wa Umma, na kuna sisi tulioajiriwa na bodi, tunaolipwa kwa pesa za chuo. Mwaka 2018 karo ilipowekwa 56,420 kwa mwaka, serikali ilikuwa ilipe 30,000 kwa kila mwanafunzi. Pesa za serikali zikichelewa, mimi ndiye ninayekopa unga dukani. Kila mlinzi mtakayemwajiri kwa kujuana analipwa kutoka mfuko huo huo. Nina miezi miwili sijalipwa na chuo changu kina walinzi kumi na mmoja kwa malango mawili.

Binti naye aje na cheti chake. Hata mwenye E ya kidato cha nne ana kozi za atisani, zile za ufundi wa ngazi ya mwanzo, hahitaji mtu wa bodi.

Kamongo77:
Malango mawili walinzi 11 😂 nimenyamaza.

FundiGereji:
Nimerudi na mrejesho. Niliuliza. Ukumbi ukanyamaza, halafu ikajulikana kwamba hata barua ya kuomba umeme haijawahi kuandikwa. Mkuu wa chuo atuletee gharama za fezi tatu kikao kijacho, na imeandikwa, nimeisoma kwa macho yangu. Lango limeahirishwa. Nikasema pia mbele ya wote kwamba ndugu yangu anauza vyuma na sitakaa kwenye mazungumzo ya lango yakirudi.

Pilau nimekula peke yangu. Ndugu yangu hapokei simu, na mama anauliza kuku wake alichinjiwa nini.