Mdogo wangu aliacha sekondari, sasa kila mlango unadai cheti. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu aliacha sekondari akiwa amebakiza mwaka mmoja, akaingia gereji. Kazi anaijua kweli. Gari anasikiliza muungurumo tu, anakwambia linaumwa nini. Shida ni karatasi. Vijana aliowafundisha kushika spana wanapata ajira, yeye bado kibarua. Chuo cha ufundi nacho kimemdai matokeo ya sekondari. Nimembembeleza arudi shule, hataki kukaa darasani na watoto (hapo simlaumu).

Ana miaka 22. Je, afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akiendelea na kazi, au atafute kupimwa ujuzi alionao apewe cheti cha fundi? Na hicho cha pili, waajiri wanakikubali kweli?