Ushauri: Nataka kumtembeza mama kwa miguu vijiji vya mizabibu Alsace, siku 3, bila gari

Binti_Machame

Habari zenu wana jukwaa. Naishi Freiburg, Ujerumani. Mwezi wa 9 mama yangu anakuja tena kutoka Machame, atakaa mwezi mmoja. Ana miaka 64, bado anashinda kihambani na kahawa na migomba yake, kupanda mlima kwake si tatizo. Tatizo ni goti la kushoto, linamsumbua akiteremka.

Alipokuja mara ya kwanza nilimzungusha madukani na makanisani. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, nionyeshe basi watu wa huku wanalima nini." Nilikosa la kumjibu, na neno lile halijanitoka moyoni hadi leo.

Nimeambiwa ng'ambo ya mto Rhine, upande wa Ufaransa, kuna vijiji vimepangana, mizabibu chini, msitu wa milima ya Vosges juu. Tuanzie wapi? Alama za njia zinasomwaje? Na mama atakuwa na visa ya Schengen (ukanda wa nchi za Ulaya zinazotumia visa moja) ya kuingia mara moja, iliyotolewa na Ujerumani. Tukivuka kwenda Ufaransa halafu tukarudi, si atahesabiwa ametoka?

Natanguliza shukrani.

Mkazi_wa_Colmar

Dada, shikamoo yangu mfikishie mama.

La visa lisikunyime usingizi. Ufaransa na Ujerumani zote ziko Schengen, kwa hiyo kuvuka Rhine si kutoka. Abebe pasi yake halisi (siyo kivuli) na karatasi ya bima, maana polisi wanaweza kukagua mpakani.

Kutoka Freiburg panda treni hadi Breisach, hapo kuna basi la kuvuka mto hadi Colmar. Kituo cha treni cha Colmar ndipo yanapoanzia mabasi ya vijijini. Epuka kusafiri Jumapili, mabasi yanakuwa ya kuhesabu.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Siku ya kwanza basi hadi Ribeauvillé, mlale hapo. Juu ya mji kuna magofu ya ngome tatu, njia yake ni mwinamo mkali ndani ya msitu. Panda peke yako alfajiri, mama apumzike, maana kule kushuka ndiko kutakakomuumiza. Siku ya pili mwende Hunawihr hadi Riquewihr, kama kilomita 5 tu, mizabibu mkono wa kulia na wa kushoto. Msikimbilie Riquewihr. Kaeni Hunawihr. Kanisa lake limesimama peke yake juu ya kilima, limezungushiwa ukuta wa ngome, na Wakatoliki na Waprotestanti wanalitumia pamoja. Ukiegemea ule ukuta, mistari ya mizabibu inaanzia miguuni pako. Mimi nimewahi kukaa pale saa nzima nikimwangalia mzee mmoja akifunga matawi kwenye waya, anakwenda shina kwa shina, hainui kichwa.

Riquewihr ni pazuri, mnara wake wa Dolder ni wa mwaka 1291, lakini mchana watalii wanajaa hadi hupati pa kukanyaga. Ukilala hapo utauona mji wenyewe saa 1 asubuhi.

Siku ya tatu pandeni taratibu kutoka Riquewihr, mteremke Kientzheim hadi Kaysersberg. Mlima wa Schlossberg hapo umelimwa kwa matuta ya kuta za mawe. Mama ataelewa kazi iliyofanyika pale kuliko mtalii yeyote. Kaysersberg ndipo alipozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, yule daktari wa hospitali ya Lambaréné, Gabon. Basi la kurudi Colmar lipo.

Njia_Nyekundu

Naongezea la alama, maana watu wengi wanapotea hapa. Ufaransa karibu yote, njia ndefu za GR zina mstari mweupe juu na mwekundu chini, na njia fupi za kijiji ni mstari wa njano. Ukiona alama ya X ujue umekosea njia, rudi.

Alsace ni tofauti. Kule njia zinatunzwa na Club Vosgien, chama cha watembea milimani, tangu 1872, na wao wana maumbo yao: mstatili, msalaba (kule si alama ya kukosea), pembetatu, duara, kila moja na rangi yake. Hata GR 5 ikipita huko inafuata mstatili mwekundu. Chagua umbo lako asubuhi, lifuate hilo hilo.

Kwa maoni yangu lakini, fikiria Bourgogne, eneo jingine la mizabibu Ufaransa: Beaune, Pommard, Volnay, Meursault. Ni tambarare zaidi, goti litashukuru.

Mkazi_wa_Colmar

Bourgogne siipingi, mkuu, ila kutoka Freiburg ni safari ndefu na mama ana siku 3. Akitaka pasipo na miinamo mikali, kuna njia ya mashamba ya Grands Crus (mizabibu ya daraja la juu), kama kilomita 17, inaunganisha Bennwihr, Mittelwihr, Beblenheim, Zellenberg, Riquewihr na Hunawihr. Akichoka, anaishia kijiji chochote.

Mtoto_wa_Dodoma

Nimekulia kwenye zabibu. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao wanavuna mara moja tu, na Septemba ndiyo yenyewe. Mama atawakuta watu shambani na mikasi na ndoo, lakini baadhi ya vijia vya katikati ya mizabibu hufungwa kwa wapita njia wakati huo. Ukikuta kibao, zunguka kwa barabara ya matrekta. Na msichume hata punje. Kile kishada ni mshahara wa mtu wa mwaka mzima.

Umm_Salma

Chakula: jikoni ni saa 6 hadi saa 8 mchana, ukichelewa unasubiri hadi saa 1 jioni. Maduka mengi ya mikate hufungwa Jumatatu, nunueni jana yake. Ile tarte flambée ya huko (mkate mwembamba wa kuoka wenye krimu na vitunguu) ina nyama ya nguruwe, asiyekula aseme mapema. Mkiingia popote anzeni na "bonjour", hata kabla ya kuuliza choo.

Na kupe, dada! Alsace wanaleta ugonjwa wa Lyme. Suruali ndani ya soksi mkipita msituni, na jioni mkague mama nyuma ya magoti na kwapani.

Binti_Machame

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Tunakwenda Alsace, kwa mpango wa Mkazi_wa_Colmar, na fimbo mbili za kutembelea nimeshamnunulia.

Jana nilimpigia simu nikamsomea hayo ya mlima wa matuta. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: hayo mashamba yana uzio?

Mkazi_wa_Colmar

Hayana, dada. Mwambie kati ya kijiji na kijiji ni mizabibu mitupu, njia inapita pembeni mwa mistari. Akisimama na kusalimia, watamsalimia.