Pasheni za maua: kila mche unafanana na mama, kosa liko wapi?

bustani_limuru
Wataalamu, natafuta aina chotara ya pasheni kwa ajili ya ua, si tunda. Jike ni pasheni ya zambarau (Passiflora edulis), dume ni ile ya samawati (P. caerulea). Chavua nilipaka saa nne asubuhi, nikafunika ua kwa mfuko wa karatasi. Miche 14 imeota na yote ni zambarau tupu. Nikigeuza, caerulea ikawa jike, vitunda vinadondoka vikiwa vidogo.

mtu_wa_chavua
Saa nne umechelewa. Pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na hujichavusha yenyewe. Ulipofika na brashi, stigma (zile ncha za ua zinazopokea chavua) zilikuwa zimeshapinda chini na kupakwa chavua ya nyumbani. Mfuko ulifunga mlango mwizi akiwa ndani.

Anza jioni ya kuamkia siku hiyo. Chagua tumba lililovimba, ncha imeanza kuonyesha weupe. Lifungue polepole, usivunje ile nguzo ya katikati, kisha ng'oa vifuko vyote 5 vya chavua kwa kibano. Kimoja kikipasuka, achana na ua hilo. Funika. Asubuhi paka stigma zote 3 mpaka zionekane za njano. Kila mbegu inadai punje yake ya chavua, kwa hiyo ukibania unapata tunda jepesi lenye mbegu za kuhesabu. Futa kibano kwa spiriti kabla ya kuhamia ua jingine. Lebo iandikwe kwa penseli, jike kwanza: edulis × caerulea, na tarehe.

kitalu_cha_mama_b
Huko kwa caerulea tatizo si kujichavusha, maana haikubali chavua yake wala ya vipandikizi vyake. Vitunda kudondoka ni jambo jingine. Ile chavua ya zambarau uliichukua saa ngapi?

bustani_limuru
Mchana, baada ya kumwagilia.

kitalu_cha_mama_b
Basi ndiyo hiyo. Chavua ya pasheni ikiguswa na maji hupasuka. Ichukue asubuhi ikiwa kavu, na stigma zisilowe kwa saa mbili baada ya kupaka. Mvua ikishuka kabla ya hapo, rudia ua jingine.

Miche usiihukumu kwa majani ya kwanza, kwa sababu hata caerulea huanza na jani lisilogawanyika. Tazama pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina: edulis ina vijani viwili vyembamba kama uzi, caerulea vipana kama figo. Chotara huwa katikati. Tezi, vile vinundu vidogo vya kwenye kikonyo, nazo husema: kwa edulis ziko mbili, juu kabisa ya kikonyo karibu na jani, kwa caerulea ziko katikati ya kikonyo.

mzee_wa_kamba
Nyongeza kuhusu wazazi. P. alata na caerulea zilishazaa chotara × belotii tangu karne ya 19, na P. racemosa na caerulea zikazaa × violacea, hivyo ukirudia usitarajie jipya sana. Usihangaike na P. biflora: ina kromosomu 12, hizi zako zina 18, hazitaoana vizuri.

Ukipata mche unaoupenda, mbegu zake hazitakurudishia ua lilelile. Kata vipandikizi vya vifundo 2 au 3. Kama udongo wako una mnyauko wa Fusarium (kuvu wa udongoni), unganisha juu ya shina la pasheni ya manjano.

bustani_limuru
Hiyo miche 14 basi niifanyeje?

mtu_wa_chavua
Juisi.