Tulipu zimeniozea Tanga, hizi zilizobaki nifanyeje? Msaada wadau

MamaChumbageni:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri na msinicheke. Desemba wifi yangu alikuja kutoka Uholanzi akaniletea vitunguu vya maua 15, vya tulipu, yale maua kama kikombe tunayoyaona kwenye kalenda. Nikampa dada wa kazi aviweke jikoni, kurudi jioni nakuta kashamenya kimoja kakikatia kwenye mchuzi wa changu, ananiambia mama hivi vitunguu mbona havitoi machozi. Basi vikabaki 14. Januari nikapanda sita kwenye vyungu barazani, samadi ya kutosha, maji asubuhi na jioni. Viwili vikatoa jani refu kama kidole halafu likageuka njano, vingine kimya. Juzi nafukua, vimekuwa uji, na harufu yake kama muhogo wa kuvundika. Vimebaki nane viko kwenye mfuko wa kaki. Wifi anarudi mwezi wa nane na namjua, hata mizigo hajashusha ataulizia maua yake.

FundiBustani:
Pole dada. Siyo mkono wako, ni joto hili la kaskazi, na hiyo samadi na maji mara mbili kwa siku ndo vimemalizia kabisa. Watu wanadhani tulipu asili yake Uholanzi, kule zilifika karne ya 16 kupitia Uturuki. Kwao hasa ni milimani Asia ya Kati, Tien Shan, upande wa Kazakhstan na majirani zake, na huko bado zinaota zenyewe porini. Kitunguu kinalala chini ya theluji miezi kadhaa, theluji ikiyeyuka kinakunywa yale maji kinachanua harakaharaka Aprili Mei, kiangazi kikiingia kinalala tena kwenye udongo mkavu. Ua limo mle ndani tayari ila bila baridi ndefu shina halirefuki. Sasa Chumbageni hiyo baridi utaitoa wapi na Julai yenyewe tunalala na feni?

Kwa hiyo ni friji. Nyuzi 4 mpaka 9, wiki 12 mpaka 16, droo ya chini, SIYO friza. Acha humohumo kwenye kaki, ukiweka nailoni vitatoa jasho vioze. Na usiviweke pamoja na maembe, mapapai wala ndizi, matunda yakiiva yanatoa gesi ya ethilini na hiyo gesi inaua ua likiwa bado changa ndani ya kitunguu (hapa ndo wengi wanapopigwa, wanangoja miezi mitatu wanapata majani matupu). Ukianza sasa hivi Februari, Juni mwanzoni unavitoa, kusi limeshashika. Panda kivulini, udongo changanya na mchanga nusu kwa nusu, samadi achana nayo, maji kidogo. Umeme ukikatika usifungue fungue friji.

MdigoHalisi:
Tuanze na la muhimu, ule mchuzi wa changu uliliwa? 😂

MamaChumbageni:
Niliumwaga wote, na changu bei yake unaijua.

FundiBustani:
Ulifanya vizuri. Waholanzi walivila kwenye ile njaa ya baridi ya 1944 na 1945 wakati wa vita lakini walikuwa wanatoa kwanza kile kiini cha katikati, na ilikuwa shida tu siyo utamu. Hata kuvishika sana vinawasha vidole.

KijanaLushoto:
Leta huku kwetu dada, Julai usiku blanketi mbili. Ila nisikudanganye, mchana jua linatoka la kutosha, kwa hiyo friji upitishe vilevile, huku faida yake ua litadumu siku nyingi zaidi.

MzeeMuheza:
Mwanangu, fanya hayo ya friji ili umridhishe wifi yako, lakini ujue ni ua la mara moja, kitunguu kikishachanua kwenye joto letu hakirudi tena mwakani. Mimi nakushauri la pili. Masika yakianza, zile mvua za kwanza kabisa, toka uende vichakani njia ya Pangani utazame chini ya miti. Kuna ua jekundu la mviringo kama kichwa cha mtoto, limeundwa na viua vidogo vidogo hata mia na zaidi, linatoka ardhini kabla majani hayajakamilika. Jina la kitaalamu Scadoxus multiflorus. Hicho nacho ni kitunguu, cha kwetu, hakitaki friji, kiangazi unakiacha kikavu kinalala chenyewe. Usikichimbe porini, kikihamishwa kinanuna misimu kadhaa, na kina sumu, weka mbali na watoto na mbuzi. Ngoja matunda yawe mekundu, chukua mbegu mbili tatu, uzipande mbichi. Miaka mitatu minne hivi utaona ua.

Na ukipata nafasi panda mpaka Amani, ile bustani Wajerumani waliianza 1902. Muulize mwongozaji akuonyeshe urujuani wa Usambara kwenye miamba yenye kivuli. Siyo kitunguu lakini utaupenda. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa mkuu wa wilaya huku, alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani 1892, leo umejaa madirishani Ulaya nzima, na huku porini unapungua kwa sababu ya kukata misitu. Wewe unahangaika na tulipu yao nao wanahangaika na ya kwetu, haya bwana.

MdigoHalisi:
Mzee umeua 🙌

MamaChumbageni (mrejesho, Julai):
Wakuu nimerudi. Friji nililigombania na mume wangu wiki 14, kila siku anauliza hizi takataka zinatoka lini, maembe yake niliyahamishia kabatini yakaoza. Kati ya nane vimeota vitano, maua matatu. Mafupi, hayazidi glasi ya chai, jekundu moja na njano mawili, asubuhi yamefumba, saa nne yamefunguka mpaka nikaona ule unga mweusi ndani, siku ya nne yakapukutika. Nimempigia wifi video kacheka mpaka kalia.

Mzee Muheza shikamoo. Lile jekundu nililiona Aprili karibu na Pangani, matatu chini ya mwembe mmoja, nikapiga magoti kwenye tope na gauni la harusi ya watu. Jumapili nimepita tena, matunda bado ya kijani. Naendelea kungoja.